Mimba yenye shida: ule nini, unywe nini, kwa chakula hiki hiki cha kwetu Dodoma (mwongozo kamili)

Ukishaambiwa kliniki kwamba mimba yako ina shida, basi jua ushauri wa chakula utaupata mpaka kwa bodaboda. Mama mkwe ana lake, jirani ana lake, dada wa saluni naye ana dawa yake, na karibu wote wanaishia palepale: kula sana, mko wawili, kunywa uji, kunywa maziwa. Sasa kwa mwenye damu ndogo maneno hayo yanaweza yakasaidia kidogo, lakini mwenye sukari ya mimba ukimjaza uji wa lishe asubuhi, mchana na jioni unamtafutia kitanda wodini. Ndo maana hapa nimepanga kwa tatizo, sio kwa chakula. Ukishalijua la kwako unaenda kwenye hatua yako, na chakula chenyewe ni hiki hiki cha nyumbani, mtama, uwele, mlenda, kunde, karanga, ubuyu, hamna haja ya kuhangaika na makopo ya supamaketi.

Na tuelewane mapema: chakula hakichukui nafasi ya dawa. Kama umeandikiwa dawa za presha au insulini unatumia huku unakula vizuri, vyote viwili.

Hatua ya 1: Lijue tatizo lako kwa jina na kwa namba

Fungua kadi ya kliniki uangalie, usisubiri kuambiwa tu "damu yako kidogo mama". Wingi wa damu (HB) ukiwa chini ya 11 huo ni upungufu, ukiwa chini ya 7 hapo sio suala la mchicha tena, ni hospitali. Presha ikifika 140/90 iko juu, ikifika 160/110 ni dharura ya leo leo hata kama hujisikii kuumwa. Sukari ya asubuhi kabla hujala chochote ikiwa 5.1 au zaidi tayari inahesabika ni kisukari cha mimba, na hapa wengi wanashangaa maana kwa mtu asiye na mimba 5.1 ni ya kawaida kabisa. Halafu kuna mkojo, angalia kama wameandika protini. Mwandiko usiposomeka muulize nesi akusomee, ni haki yako.

Unaweza ukawa na mawili kwa pamoja, mfano sukari na presha zinapenda kuongozana. Hapo unasoma hatua zote mbili, na zikigongana unafuata alichosema daktari wako.

Hatua ya 2: Yanayomhusu kila mjamzito wa huku

Naanza na mahindi na karanga maana hili watu wanalichukulia poa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na haifi kwa kupika, uchemshe uji saa nzima bado ipo. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mahindi mashineni yamwage kwenye ungo uyachambue, toa yaliyooza, yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi. Karanga ndo kabisa, iliyosinyaa, yenye ukungu au ukiionja ni chungu tupa, na usinunue karanga ya kusagwa ambayo hukuona ikichambuliwa, kwa sababu zile mbovu huwa zinasagiwa humohumo. Mtama na uwele zikihifadhiwa vizuri huwa na nafuu kwenye hili, ni sababu nyingine ya kuzipenda.

Maziwa chemsha mpaka yatokote, hata kama yametoka kwa ng'ombe wa nyumbani unayemjua jina. Mtindi pia, maziwa yachemshwe kwanza ndo yagandishwe. Maziwa mabichi yana bakteria wa bruselosisi na yule anaweza kuharibu mimba, wafugaji wenyewe wanaona ng'ombe wanavyotupa mimba. Nyama choma ya mnadani kula lakini iive mpaka ndani, ukiikata usione wekundu, na kachumbari ya pale iache kama huna uhakika na maji iliyooshewa.

Maji ya kunywa chemsha. Jua la Dodoma na upepo wake linakukausha bila wewe kujua, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza, kwa hiyo lenga vikombe 8 mpaka 10 kwa siku na ujipime kwa mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea hujanywa ya kutosha. Kama kijijini kwenu kisima kina maji ya chumvi na wewe una presha, tafuta maji mengine ya kunywa, ya mvua yaliyochemshwa au ya bomba, ya kisima yafulie.

Hatua ya 3: Damu ndogo

Hapa ndo pana mambo mengi, na mengi tunayakosea kwa kupangilia vibaya, sio kwa kukosa chakula. Mtu anakula maharage na mchicha kila siku, halafu anashushia na chai ya rangi ya moto palepale. Majani ya chai yanashika madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, mwili haupati kitu. Chai inywe saa moja au mawili kabla au baada ya chakula, hicho kitu kimoja tu ukikibadilisha umepiga hatua.

Sasa fanya hivi. Kila mlo wa mboga za majani, kunde, choroko au mbaazi uwe na kitu chenye vitamini C pembeni, chungwa, ndimu, nyanya mbichi, pera, na sisi watu wa Dodoma tuna ubuyu bwana. Chukua ubuyu mweupe wenyewe, sio ule wa rangi nyekundu wenye sukari wanaouza kwenye vifuko, loweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, usiuchemshe, koroga, chuja, kunywa glasi na chakula. Hii inafaa zaidi kiangazi, kipindi ambacho mboga mbichi hakuna na watu wanapika majani ya kunde makavu na mlenda mkavu, kwa sababu jani likikaushwa chuma kinabaki ila vitamini C inapotea, ubuyu unairudisha. Kama unaanika mwenyewe anika kivulini.

Maharage na kunde loweka usiku kucha, umwage yale maji. Dagaa, samaki wa Mtera, nyama, kuku, chochote cha mnyama hata kidogo kinasaidia chuma cha mboga kiingie vizuri, kwa hiyo bora dagaa kidogo kila siku kuliko kilo ya nyama Jumapili halafu basi. Maini yana damu kweli lakini yana vitamini A nyingi sana ambayo ikizidi ni hatari kwa mtoto, hasa miezi mitatu ya mwanzo, hivyo kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha, sio kila siku kama wanavyokwambia, na miezi ile ya mwanzo yaache kabisa.

FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki (chuma na foliki asidi). Najua zinachefua, najua choo kinakuwa cheusi na wengine kinakuwa kigumu, ni kawaida hiyo, usiache. Meza usiku kabla ya kulala na maji au juisi ya chungwa, ikikuchefua sana meza baada ya chakula. Usimeze na chai wala maziwa, na kama umepewa vidonge vya kalsiamu viachanishe, kalsiamu mchana FEFO usiku, maana vikikutana tumboni kalsiamu inazuia chuma. Nyingine, usijinunulie foliki asidi ya miligramu 5 duka la dawa ukaongezea mwenyewe, dozi kubwa hiyo inapunguza nguvu ya SP mnazomezeshwa kliniki kwa ajili ya malaria. Dawa ya minyoo wakikupa baada ya miezi mitatu ya kwanza kubali, minyoo inakunywa damu unayoitafuta.

Hamu ya udongo huwa inakuja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazidisha upungufu, unaleta minyoo na unaweza kuwa na risasi, yale madini ya sumu. Hauongezi damu. Mwambie nesi kwamba unakula, hatakucheka, anawaona kila siku. Na juisi ya rozela, hii najua nitagombana na watu: wekundu wake sio damu, chuma chake ni kidogo, na kwa mjamzito haishauriwi kuitumia kama dawa, hasa ukiwa na dawa za presha. Mvinyo mwekundu hivyo hivyo, zabibu zetu tunazipenda lakini pombe haiongezi damu na hamna kiasi salama kwa mtoto tumboni, iwe ya chupa, wanzuki au pombe ya mtama.

Hatua ya 4: Sukari ya mimba

Kosa la kwanza kubwa huku ni kudhani ugali wa mtama hauna sukari kwa hiyo unakula mlima. Mtama na uwele ni afadhali kuliko sembe, zinakwenda taratibu zaidi zikisagwa bila kukobolewa, lakini ni wanga bado. Kipimo chako ni ngumi yako mwenyewe, tonge lote la mlo mmoja lisizidi hapo. Gawa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, yai au nyama. Anza kula mboga na maharage, ugali ufuate, sukari haipandi kwa kasi.

Kosa la pili ni uji. Uji wa lishe wenye nafaka sita, karanga, maziwa na sukari vijiko vitatu, unga umesagwa laini kama poda, unapandisha sukari haraka kuliko ule ugali unaouogopa. Wifi yangu alipolazwa kwa sukari tulikuwa tunaenda na mahotpoti saa ya kuona wagonjwa, huyu kaleta uji, yule kaleta uji, shangazi kaja na chupa ya chai kubwa yenye uji wa ulezi uliokolea asali "maana asali ni dawa", na yeye kwa heshima anakunywa wote. Nesi akipima saa mbili baadaye anashindwa kuelewa insulini inaenda wapi. Mpaka siku shangazi alipokaa akaiona namba kwenye kipima sukari kwa macho yake, akauliza "hii yote ni uji wangu?" Kuanzia hapo akawa analeta mchicha wa nazi na samaki. Asali ni sukari. Maziwa yana sukari yake pia, kikombe kimoja kimoja.

Kwa siku panga milo mitatu midogo na vitafunwa viwili au vitatu katikati. Asubuhi ndo sukari inasumbua zaidi kwa wengi, kwa hiyo mayai mawili ya kuchemsha, nyanya, parachichi na kipande kidogo cha kiazi kitamu cha kuchemsha, chai bila sukari, badala ya chapati mbili na chai ya maziwa tamu. Saa nne karanga zilizochambuliwa, konzi moja. Mchana sahani yako ile ya nusu mboga. Saa kumi tunda moja, tunda zima sio juisi, na zabibu zihesabu, kama 15 hivi halafu funga mfuko, msimu wake ukifika utaona ilivyo ngumu. Usiku kama mchana ila kidogo, na kabla ya kulala kikombe cha mtindi usiotiwa sukari au yai. Usiruke mlo ukifikiri unashusha sukari, hasa ukiwa na insulini, inaweza kushuka ukazimia. Mkono ukitetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, hapo ndo mahali pekee pa sukari: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15.

Namba unazolenga kwa kawaida ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula au 6.7 masaa mawili baada ya kula, isipokuwa daktari akupe nyingine. Kama hujakatazwa kutembea, zunguka uwanjani dakika 10 mpaka 15 baada ya kula, inashusha kweli.

Wale wa Kondoa na kwingine mnaofunga Ramadhani, ukiwa na sukari au presha ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama. Dini imempa mjamzito ruhusa akihofia afya yake au ya mtoto, usijilazimishe kwa kuogopa macho ya watu.

Hatua ya 5: Presha na kifafa cha mimba

Nianze na ya uongo. Kuacha chumvi kabisa hakuponyi presha ya mimba. Kuacha kunywa maji hakuondoi uvimbe wa miguu. Na wakikukuta na protini kwenye mkojo haimaanishi uache nyama na mayai, ile protini inavuja kwa sababu figo zimeathirika, sio kwa sababu umekula yai, unatakiwa uendelee kula. Lile la mtoto kuzaliwa hana nywele kwa sababu ya mayai sihitaji hata kulijibu.

Cha kufanya ni kuondoa chumvi iliyozidi. Kwa siku nzima jumla isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya kwenye mkate, viungo vya supu vya paketi, samaki wa chumvi na krispi. Chumvi ya mezani iondoe mezani. Na huku kwetu kuna moja iliyojificha, magadi ya kwenye mlenda. Magadi ni sodiamu ile ile iliyoko kwenye chumvi, hata kama ulimi hausikii chumvi, na juu yake yanaua vitamini za mboga. Mpikie mgonjwa mlenda wake pembeni: chemsha maji kidogo, tia bamia zilizokatwa ndogondogo na majani mabichi ya maboga au mlenda wenyewe, piga kwa upekecho, nyanya, karanga ya kusaga uliyochambua, dakika chache epua. Unavutika vizuri tu bila magadi, ladha unaimalizia kwa ndimu.

Kalsiamu ina kazi kubwa hapa, kwa wanawake wasiopata ya kutosha kwenye chakula vidonge vyake vinapunguza uwezekano wa kifafa cha mimba, uliza kliniki. Kwenye chakula utaipata kwenye mtindi, dagaa wanaoliwa na miiba yao (waloweke na kuwaosha chumvi itoke), mchicha, majani ya kunde, na huyo huyo ubuyu.

Hatua ya 6: Kutapika kusikoisha

Hapa sahau lishe kamili kwanza, lengo ni kitu kibaki tumboni. Kabla hujainuka kitandani kula kikavu, mkate mkavu, biskuti isiyo na mafuta, bisi. Kula kidogo kila baada ya saa moja au mawili, na vinywaji usichanganye na chakula, kunywa katikati ya milo kwa kuonja onja, kijiko kijiko ikibidi. Vya baridi vinavumilika kuliko vya moto kwa sababu havinuki. Kitunguu kisikaangwe nyumba hiyo, kama jiko ni la ndani basi pikieni nje, baba mwenye nyumba atavumilia. Tangawizi kwenye maji inasaidia baadhi, maji ya ukwaju yaliyopoa pia.

ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, imalize ndani ya masaa 24, ikibaki mwaga. Kama masaa 24 hakijabaki chochote, au masaa 8 hujakojoa, au ukisimama kizunguzungu, nenda hospitali ukawekewe maji. Na kama umetapika wiki kadhaa mfululizo, waambie wazi muda wote huo kabla ya dripu ya sukari, maana mwili unaweza kuwa umeishiwa vitamini B1 na inatakiwa itangulie. FEFO ikiwa ndo inayokutapisha muulize daktari kuiahirisha mpaka utulie.

Hatua ya 7: Kondo kukaa chini, mapacha, na kulala kitandani

Haya nayapitia haraka. Kondo la nyuma likiziba njia halina chakula cha kulipandisha, usidanganywe. Kazi yako ni damu iwe nyingi kabla ya kuhitajika (rudi hatua ya 3) na choo kiwe laini usikamue: maji, dona, papai lililoiva, mboga. Mapacha wanataka chuma na protini zaidi kuliko ugali zaidi, na tumbo likibana unakula mara sita kidogo kidogo. Anayelazimika kulala asile kiasi kile cha alipokuwa analima, apunguze wanga, aongeze mboga na maji.

Hatua ya 8: Mpange na anayepika

Mgonjwa hawezi kupigana na jiko zima. Kaeni, mume awepo, mkubaliane mtu mmoja anapika na mmoja anasimamia hotpoti zinazokuja hospitali. Wageni wambieni walete maji, matunda au mayai. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu au "kusafisha mtoto" zisiingie, hata zikija na bibi unayempenda, baadhi zinabana mfuko wa uzazi mpaka unapasuka.

Na wote ndani ya nyumba wajue dalili hizi: kichwa kinauma sana, macho yanaona maluweluwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, damu ukeni, homa, maji kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Hapo hapikwi kitu wala hasubiriwi mtu, piga 115 ya m-mama, ni bure, upelekwe.

Hatua ya 9: Ukishajifungua

Sukari ya mimba huwa inashuka yenyewe mtoto akitoka, na watu wanasahau, lakini rudi upime kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha uwe unapima kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu, maana uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu unabaki mkubwa. Kunyonyesha kunasaidia hapo. Presha inaweza kupanda hata siku kadhaa baada ya kujifungua, usiache dawa mwenyewe. FEFO endelea nazo kwa muda watakaokupangia. Na mimba ijayo anza kliniki kabla ya wiki ya 12, kwa sababu aliyewahi kupata kifafa cha mimba daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo, na ikichelewa kuanza faida yake inapungua.